Wazazi Wote Wamepimwa

Wifi yangu hakujaliwa mtoto, na watu wa mtaa wetu hawakumwacha apumue kwa hilo. Walipochoka kumwita "yule dada dobi" wakambandika jina la Mama Shaba, na Shaba ni mbwa. Walidhani wamemtukana. Yeye akalipokea jina kwa mikono miwili, akaanza kujitambulisha nalo hata kwa wageni: "Karibu, mimi ndiye Mama Shaba." Baada ya muda likawa jina la heshima kabisa, na wale wale waliolitunga ndio waliokuja wa kwanza kumpigia hodi wakitaka mtoto wa mbwa.

Mimi ni mke wa kaka yake, na mbwa siwapendi. Sisemi nawachukia, ila sioni sababu ya kulala nyumba moja na kitu chenye meno mengi kuliko mume wangu. Nyumba yetu na yake zinatenganishwa na ukuta mfupi tu, na cherehani yangu iko dirishani, kwa hiyo yote yaliyotokea uani kwake niliyaona huku nashona. Nikisimulia habari za mbwa kwa undani msishangae. Nimekula vumbi lao na kelele zao kwa miaka.

Kabla ya mbwa, Mama Shaba alikuwa mfuaji wa hospitali. Ujana wake wote uliishia katika chumba cha chini chenye mashine kubwa na mvuke usiokatika, akifua mashuka ya watu ambao hakuwahi kuwaona sura. Alitoka huko na mikono iliyoparara kwa dawa, na imani kwamba hakuna uchafu unaoshindana na maji yanayochemka. Alitoka na jambo jingine pia: neno "kupimwa". Hospitalini neno hilo lina maana moja tu. Mtu akisema ana homa, anaulizwa, "Umepimwa?" Kama hajapimwa, homa hana, ana maneno. Wifi akaenda nalo nyumbani kama wengine wanavyoenda na sabuni ya kazini.

Siku mume wangu alipomwambia dada yake kwamba amepata mchumba, swali la kwanza la dada lilikuwa, "Ameshapimwa?" Niliposimuliwa nilidhani anaulizia kiuno changu, maana mimi ni fundi wa nguo na kwangu kupima ni utepe na inchi. Nikajibu kwa fahari kwamba ndiyo, nguo ya harusi nimeshaipima mara kadhaa. Kumbe mwenzangu alikuwa anaulizia damu. Tulipoelewana nilinuna mwezi mzima, kisha nikaenda nikapimwa, na tangu hapo tumekuwa chanda na pete, ingawa tunagombana kila siku ya Mungu.

Shaba aliachwa kwa Wifi na daktari mmoja aliyehamishwa kikazi, katika mwaka ule ule Wifi alipostaafu. Alikuwa jike dogo la wale mbwa wakubwa wa ulinzi, wenye masikio ya kusimama, rangi yake nyekundu ya shaba iliyosuguliwa. Wifi alimlea kwa taratibu za wodini. Bakuli zilichemshwa. Kitanda kilitandikwa mashuka ya hospitali yaliyoondolewa kwenye matumizi, yamepigwa pasi, pembe zimekunjwa vile wauguzi wanavyokunja. Nikamwambia, "Wifi, mume wangu analala kwenye shuka lenye makunyanzi, mbwa wako anapigiwa pasi." Akaniambia nimlete mume wangu alale huko, ni kaka yake, nafasi ipo.

Na mbwa akakua, akawa mbwa kweli. Aliruka ule ukuta wetu mfupi kama vile haupo. Akitembea barabarani na Wifi, watu walisimama kutazama, na Wifi alitembea kifua mbele kama mama anayempeleka binti yake kupokea zawadi shuleni. Wakaanza kumuuliza atazaa lini. Yeye hakukimbilia. Alisema kuna watu wanaozalisha mbwa kama wanaokaanga maandazi, lolote litakalotoka kwenye mafuta linauzwa, na yeye hatakuwa mmoja wao. Atatafuta dume la maana, lenye afya, kwa mtu wa kuaminika.

Ndiyo tukafika kwa Bwana Nasaba.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya ufundi wake wa kutaja koo za mbwa. Watu wengine hawamjui babu wa babu yao, lakini yeye alikuwa anasimama mbele ya dume lake na kukariri bila kumeza mate: "Huyu ni Jabali, mwana wa Radi, mjukuu wa Kifaru, kitukuu cha Bingwa aliyekuja na meli." Sebuleni kwake kulikuwa na kabati la vikombe vya ushindi, na ukutani picha kubwa ya huyo Radi, baba wa Jabali, ameketi kifalme, sikio moja limekatika ncha. Bwana Nasaba alisema sikio lilikatika katika mapambano na wezi. Alikuwa mtu wa shati lililonyooka na sauti ya taratibu, aina ya watu ambao hata wakikuomba njia unahisi wanakufadhili. Walimsifu hivyo mjini kote, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Wifi hakuuliza habari za vikombe wala za meli. Alisubiri koo ziishe kutajwa, kisha akauliza swali lake moja.

"Wamepimwa?"

Bwana Nasaba akaweka mkono kifuani. "Mama, kwangu hakuna mbwa asiyepimwa. Wazazi wote wamepimwa, na wazazi wa wazazi."

Wifi akashusha pumzi. Nilimwona kabisa mabega yake yanalegea. Swali lake lilikuwa limejibiwa kwa lugha yake, na hakuona haja ya kuuliza jingine. Wakakubaliana kwamba watoto wakizaliwa, mwenye dume atachagua mmoja kabla ya wengine, na huo ndio utakuwa ujira wake. Shaba akaachwa huko siku chache, akarudi, na baada ya miezi miwili hivi uani kukawa na watoto wekundu wanaonyonya juu ya mashuka ya hospitali.

Bwana Nasaba alikuja akamchukua aliyemtaka. Wengine Wifi aliwagawa kwa watu aliowachunguza kama anaoza mabinti. Mmoja alikwenda kwa Fundi Viatu, yule mzee anayeketi na meza yake ndogo chini ya ukuta wa posta. Fundi alikuwa amefiwa na mke. Tangu mazishi alikuwa anachelewa kufunga kazi, anazunguka zunguka na viatu ambavyo vimeshakwisha kushonwa, kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kumuuliza umerudi saa hizi. Alikuja kwa Wifi amevua kofia.

"Mama Shaba, mimi nataka mbwa mmoja tu maishani," alisema. "Sina nguvu ya kuzika tena. Atakuwa mzima huyu?"

"Fundi, lala usingizi," Wifi akamwambia. "Wazazi wote wamepimwa."

Fundi akamchukua, akamwita Gundi, kwa sababu alimng'ang'ania mguuni tangu siku ya kwanza. Wakawa hawaachani. Ukipeleka kiatu, Gundi alikuwa amelala kwenye lundo la mabaki ya ngozi, anainua jicho moja kukukagua. Na Fundi akaanza kufunga kazi jua likiwa bado lipo, anaaga watu kwa sauti: "Jamani, sisi tunakwenda kwetu." Sisi! Wateja walicheka, lakini walifurahi.

Gundi hakufikisha mwaka bila shida. Fundi alikuja kwa Wifi asubuhi moja, mbwa nyuma yake, na hakuja kulaumu. Alikuja kuuliza kama labda ni mwiba. Alisema siku hizi Gundi akiamka huinuka mbele kwanza, nyuma inakawia. Akikimbia, miguu ya nyuma inakwenda pamoja kama ya sungura. Alimkagua nyayo zote, mwiba hakuuona, lakini macho yake ya siku hizi ni ya kubahatisha, pengine Mama Shaba ataona. Wifi akapiga magoti, akapitisha vidole vyake kila mahali, na alipofika kwenye nyonga mbwa akalia. Hakuuma. Alilia tu, kisha akamlamba kama anayeomba radhi kwa kulia.

Wakaenda kwa daktari wa mifugo, nami nikaenda, kwa sababu Wifi aliniambia nisiende. Daktari alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye haraka, aliyezoea ng'ombe. Akamdunga Gundi dawa ya usingizi, akampiga picha ya eksirei, akatuita tuone. Alieleza vizuri hata mimi nikaelewa. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo, na kichwa hicho hukaa ndani ya kikombe cha nyonga. Kikombe kikiwa na kina, mguu hauna shida maisha yote.

"Sasa tazama hapa," akasema, akigusa picha kwa kalamu. "Hiki si kikombe tena, ni sahani. Kichwa kinateleza nje kila akipiga hatua, kinasagana. Na upande wa pili ni vile vile."

"Kinatibika?" Fundi akauliza.

"Maumivu yanapunguzwa. Dawa, uzito usizidi, matembezi mafupi. Lakini kikombe hakirudi." Kisha akamgeukia Wifi. "Huu mara nyingi ni urithi. Wazazi walipimwa?"

"Walipimwa!" Wifi akajibu kwa nguvu, na mimi nikaitikia kama kwenye sala.

"Nani aliwapima? Picha za nyonga zao ziko wapi?"

Picha hatukuwa nazo.

Siku iliyofuata tulikuwa mlangoni kwa Bwana Nasaba. Alitukaribisha kwa tabasamu lake la vikombe. Wifi hakukaa.

"Uliniambia Jabali amepimwa."

"Amepimwa, Mama. Tena mwezi huu tu."

"Na daktari gani?"

"Daktari wa nini? Njooni." Akatupeleka pembeni mwa nyumba, penye banda la chakula, akatuonyesha mizani ya magunia, ile ya kusimamia. Fimbo yenye alama za sentimita ilikuwa imepigiliwa ukutani. "Hapa. Kila mwezi wote wanapanda. Jabali ni kilo arobaini na moja. Na kimo chake begani tunapima pale. Majaji wa mashindano wanataka hayo."

Mimi nimeona watu wakiibiwa sokoni, wakiibiwa njiani, wakiibiwa na ndugu zao. Sikuwahi kuona mtu anaibiwa na neno. Mfuaji wa hospitali aliuliza cha kwake, mwenye mizani akajibu cha kwake, na katikati yao mbwa akazaliwa bila nyonga.

"Mimi niliulizia afya," Wifi akasema polepole.

"Uliuliza wamepimwa, nikakwambia wamepimwa. Nyonga hukuzitaja. Sikukudanganya hata herufi moja."

Ningeweza kumhurumia. Kweli, kwa dakika moja nilifikiri labda mzee naye hajui, amelewa tu na koo zake. Lakini hasira huwa inanishika tumbo, nikaomba choo. Akanielekeza mkono wa kulia. Nikaenda wa kushoto, kwa kukosea nadhani, nikasukuma geti la bati, nikajikuta mahali ambapo wageni hawapelekwi.

Kulikuwa na vibanda vimebanana, na ndani yake majike. Matiti yao yalikuwa yanaburuta chini, manyoya yamekatika mgongoni, na macho hayakuuliza kitu. Jike tuliyeonyeshwa siku ya kwanza kama "mama wa ukoo", yule aliyenona na kung'aa, hakuwa na ishara ya kuwahi kunyonyesha hata panya. Na kwenye kona, juu ya gunia, alikuwa amelala dume kubwa lenye kidevu cha mvi. Aliponiona alijaribu kusimama. Mbele ilisimama. Nyuma haikuja. Akajikokota kwa miguu miwili, kiuno kinafuta sakafu, akaja kuninusa kupitia wavu, na hapo nikaona sikio lake limekatika ncha.

Nilipiga ukelele. "Wifi! Njoo umwone mfalme!"

Walikuja wote wawili, mwenye nyumba anakimbia mbele kama anayeweza kumfunika mbwa kwa shati lake. Wifi alimtazama Radi kwa muda mrefu. Alifua mashuka ya wanaokufa maisha yake yote na sikuwahi kumwona uso ule.

"Huyo ni uzee tu," Bwana Nasaba akasema.

"Uzee hauwekwi nyuma ya geti," Wifi akasema. "Ulijua. Baba yake haamki, na bado ukampandisha mtoto. Nilikuwa naomba kwa Mungu uwe mjinga."

Tukatoka. Mtaa wetu ulijua habari yote kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu mimi pia nina mdomo na kazi yake naijua. Wifi naye hakubaki nyuma. Aliwapitia wote waliochukua watoto wa Shaba, nyumba kwa nyumba, akawaambia wachunguze miguu ya mbwa wao, na akawaambia nani wa kulaumiwa. Kwa Fundi alikwenda mwenyewe na dawa mkononi. "Yule mzee mwizi ndiye aliyemharibu Gundi," alimwambia. "Mbwa wangu safi, yeye katia sumu." Watu wakampa pole. Jina lake halikupungua, lilizidi. Kila mtu alisema angalau Mama Shaba ana moyo, kauziwa mbuzi kwenye gunia lakini hakujificha. Bwana Nasaba aliendelea na vikombe vyake, ila wa kwetu hawakwenda tena kwake, na geti lile la bati daktari alikwenda kuligonga na watu wa mamlaka. Sitawadanganya kwamba alifungwa. Majike yalichukuliwa, na Radi akapumzishwa kwa sindano.

Shaba alipokaribia tena kupandwa, Wifi alikuwa amejifunza. Alipata dume jingine kwa mtu aliyekuja na picha za nyonga bila hata kuombwa, na cheti cha macho na moyo. Watu walikuwa wanasubiri watoto kwa hamu, maana sasa walikuwa na hakika. Wifi akaenda kwa daktari kumwonyesha picha za dume, anatabasamu kama mwanafunzi aliyefanya masomo yake ya nyumbani. Daktari akazitazama moja moja, akasema ni nzuri sana. Kisha akauliza, huku anaosha mikono, "Na za mama?"

"Mama yupi?"

"Shaba."

Wifi alicheka. "Daktari, Shaba anaruka ukuta!"

"Wapo wanaoruka ukuta mpaka siku wanaposhindwa. Nyonga mbovu haisemi mapema kwa kila mbwa. Na mtoto huchukua kwa baba na kwa mama. Mlete."

Alirudi nyumbani amefura. Alizunguka uani anaongea peke yake kwamba sasa anatuhumiwa na yeye, kwamba yeye na yule mzee wamewekwa chungu kimoja. Shaba alimfuata nyuma akidhani ni mchezo. Jioni akaja dirishani kwangu.

"Wifi, wewe ungempeleka?"

"Mimi?" nikasema huku nakata uzi. "Mimi ningemwacha aendelee kuruka. Kila mtu ameshajua nani mwenye makosa. Unataka kujua ili iweje?"

Kesho yake nilimwona anamfunga Shaba kamba.

Nilikwenda naye. Walimlaza Shaba chali, usingizini, miguu ya nyuma imenyooshwa sawasawa, na Wifi akashika kichwa chake kwa mikono yote miwili mpaka daktari akamwambia asogee. Picha ilipotokea, daktari aliigeuza kwetu. Hakuwa na haja ya kueleza. Tulikuwa tumeshafundishwa kusoma vikombe na sahani, mimi na Wifi, na tuliona pamoja. Upande wa kulia ulikuwa na kina kidogo. Wa kushoto ulikuwa sahani.

Kuna methali ya nyani na kundule, ilinijia ulimini nikaimeza. Ilinipita kooni kama mfupa, kwa sababu nampenda yule mwanamke.

Tukakaa kwenye benchi la nje, tukisubiri Shaba azinduke. Wifi alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa chake cha mkononi, pembe kwa pembe.

"Mimi na yule mzee," akasema, "tofauti yetu nini?"

"Yeye alijua. Wewe hukujua."

"Sikujua kwa sababu sikuuliza. Nilimuuliza mbwa wa mwenzangu, wangu sikumuuliza. Nilimwona mzuri, basi."

Nikamwambia niliyofikiri, maana mimi sijui kufikiri kimya. Nikamwambia picha hii tumeiona watatu. Daktari hana mdomo wa mtaani, na mimi, ingawa naujua umbea, huu naweza kuuzika. Asimpandishe Shaba tena, sawa, aseme amechoka kulea, nani atahoji? Jina lake litabaki. Alikuwa hana mtoto, hana mume, mgongo umekwisha kwa mashuka ya watu. Alichokuwa nacho ni watu kusema neno la Mama Shaba ni neno. Akiwaambia kwamba ubovu ulitoka pia nyumbani kwake, baada ya kumtangaza mwenzake nyumba kwa nyumba, watamcheka mpaka kaburini. Nilisema yote hayo, na sikuona aibu. Nilikuwa namtetea.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani akamwambia daktari amfunge Shaba kizazi, siku yoyote anayoona inafaa. Neno hilo la kizazi halikuwa jepesi mdomoni mwake. Nililisikia likitoka, nikageukia dirishani.

Hatukwenda nyumbani. Tulimwachia daktari Shaba mpaka jioni, tukapita moja kwa moja posta. Fundi alikuwa amebana kiatu cha shule katikati ya magoti, anavuta uzi. Gundi alikuwa kwenye lundo lake la ngozi. Wifi alisimama mbele ya meza kama mteja.

"Fundi, nimekuja kuyafuta maneno yangu. Nilikwambia mbwa wangu ni safi. Si safi. Leo nimempiga picha, nyonga yake mbovu kama ya huyu. Yule mzee alichangia, na mimi nilichangia. Ulipokuja kwangu ukiniuliza atakuwa mzima, nilikwambia lala usingizi, na mbwa wangu mwenyewe sikuwahi kumpima."

Fundi hakukatisha uzi. Alishona hatua nyingine, akakaza fundo, akakata kwa meno.

"Ungempima mama yake mapema, ungefanyaje?"

"Nisingempandisha."

"Basi Gundi asingezaliwa."

"Asingezaliwa."

Mzee akatazama kiatu, akakiweka chini. "Mama Shaba, mimi nilikuwa nafunga kazi usiku. Nilikuwa sina pa kwenda. Kama ni hivyo, basi mimi nashukuru hukupima." Alisema kwa sauti safi kabisa, bila kejeli. Alikuwa anampa msamaha, mzima mzima, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni ya posta. Moyoni nikasema yamekwisha, sema asante twende zetu.

Wifi akatikisa kichwa.

"Asante, Fundi. Nimeipokea. Lakini hiyo ni shukrani yako wewe. Mwenye miguu hajasema."

Gundi alikuwa ameisikia sauti yake. Akaanza kuamka aje kumsalimu. Mbele ikainuka. Nyuma ikatetemeka, ikashuka, ikajaribu tena, na mkia ulikuwa unapiga ngozi wakati wote huo kwa furaha. Tulimtazama sote watatu. Fundi aliona kila siku, lakini nadhani siku ile aliona, kwa sababu alishika ukingo wa meza yake.

Wifi hakumngoja afike. Alikaa chini vumbini, na gauni lake la kwendea mjini, akajisogeza mpaka kwenye lile lundo ili mbwa asihitaji kupiga hatua.

"Pole, baba," akamwambia. "Pole sana."